Ndoo ya Maji ya Moto

Nikisikia mtu anajiita mtu wa kiroho, damu inanichemka. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mji ulipojaa viwanda vya samaki na vipaza sauti vya mahubiri, mimi nami nilikuwa wa kiroho. Nilifunga Jumatano na Ijumaa, nikanena kwa lugha, na majirani zangu wote pale Pasiansi niliwaona kuni za jehanamu.

Mama yangu aliugua miezi saba. Wenzangu wa kanisani walikuja kila jioni kumwombea, wakisimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Aliyemgeuza kitandani, akamfulia mashuka na kumwogesha kwa mikono mitupu, alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa Misungwi aliyekaanga mapanki, vichwa na miiba ya sangara vinavyobaki kiwanda kikishachukua minofu. Hakuwa na dini ya kutangaza. Mkononi alivaa bangili ya shaba ya mizimu ya kwao. Kila siku alianza kwa kupasha maji, maana Mama alichukia maji ya baridi kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama alipofariki, jirani akaja na ndoo yake inatoa mvuke, tayari kumwosha. Mchungaji akanivuta pembeni, akasema bangili ile isiguse mwili wa mtu aliyeokoka. Nami, mjinga mimi, nikaenda kusimama mlangoni, Biblia kwapani.

"Shikamoo mama. Vua bangili, la sivyo usiingie."

"Marahaba. Hii nilivishwa na bibi yangu, haivuliwi. Ila mama yako namjua, mwanangu. Niache nimmalizie."

Nikatikisa kichwa. Hakubishana. Aliitua ndoo, akaniambia basi nipokee hata maji, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Mchungaji akasema na maji yale yamwagwe. Nikayamwaga mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Wakaingia dada zangu watatu katika Bwana. Walikuwa wamevaa mifuko ya plastiki mikononi, wameifunga kwa kamba. Waliimba pambio vizuri sana, na kazi ikaisha kabla ya pambio. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni, mtakatifu kabisa, nikisikia kopo likigonga pipa la nje, wakimchotea Mama yangu maji ya baridi.