Gauni la Mama Pindo

Mama Pindo alishona, mumewe akapiga pasi. Chumba kimoja: cherehani dirishani, meza ya pasi mlangoni. Hivyo ndivyo walivyozeeka.

Tumbo lilipoanza kumjaa, majirani walipata la kusema.

"Mama Pindo, na uzee huu tena?" mke wa kinyozi alimtania.

"Mwulize huyo baba. Mimi najua kushona tu."

Mzee alicheka. Jioni mkewe alipopandwa na homa, hakucheka.

Zahanati ya kwanza walisema vidonda vya tumbo. Ya pili wakasema minyoo, kisha taifodi. Dawa zikaisha, tumbo likabaki. Hospitali kubwa wakapima makohozi, wakapiga picha ya kifua. Safi. Hata kukohoa hakukohoa.

"Amekonda?" daktari alimwuliza mzee.

"Hajakonda, mwanangu. Nguo zinamkaa kama siku zote."

Wakarudi nyumbani na dawa ya gesi.

Safari nyingine wakapelekwa kwenye picha ya tumbo. Mama Pindo alivua gauni nyuma ya pazia, mzee akalipokea. Siku hizo mkewe alizipiga pasi nguo zake mwenyewe. Alisema anauhurumia mgongo wa mumewe. Sasa vidole vya mzee vikapapasa mshono. Mabegani kitambaa kilikunjwa mara tatu. Tumboni kilitiwa kiraka cha kuongeza upana, kwa ustadi, usingekiona. Akainua macho. Mabega ya mkewe yalikuwa mifupa mitupu.

"Ulikuwa unajipunguzia nguo?"

"Sasa fundi mzima nivae gunia, baba?"

Mzee alimfuata daktari. "Mwanangu, nilikwambia vibaya. Huyu amekwisha."

Daktari hakumlaumu. Akasema huenda ni kifua kikuu cha tumbo. Kifua kikuu kisicho na kifua; mzee hakuelewa, akaitikia tu. Wakamvuta maji tumboni, vipimo visione kitu. Ikabidi apasuliwe kidogo, kikatwe kinyama cha ndani kikapimwe mbali. Wakangoja.

Jibu likaja: ndicho. Kinatibika, walisema, kikiwahiwa. Mama Pindo alimeza vidonge vyake bila kubisha, lakini mwili haukuwa na pa kushikia.

Gauni limebaki, mwenyewe hayupo. Dada yake alilijaribu, mabega yakambana. Mke wa kinyozi naye, likampwaya tumboni. Mzee amelitundika juu ya cherehani. Likikusanya vumbi hulishusha, akalipiga pasi. Akifika mabegani huenda polepole.