Shamba Nililoliita Jangwa

Nafundisha darasa la sita huku Ngara, na jangwa sijawahi kuliona kwa macho. Ninayoyajua nimeyasoma kitabuni kama wanafunzi wangu. Siku ile tulifika kwenye picha za hifadhi moja ya jangwa ya nchi za mbali: watalii wenye kofia pana wanapanda vilima vya mchanga na kupiga picha miamba iliyochongwa na upepo. Watoto wakaniomba niwapeleke. Nikawaambia jangwa tunalo hapahapa, tena bila kiingilio.

Nilikuwa nasema juu ya mteremko mmoja wa Benaco, palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, na mwenye chungu lazima apate kuni. Miti ikaisha, hata visiki vikang'olewa. Siwalaumu. Ila mvua, ambayo kwetu haikosekani, ikausomba udongo uliobaki uchi. Katikati ya mteremko huo lipo shamba la mama yangu. Kila msimu alipanda maharage, na kila msimu alivuna yasiyojaza ungo. Bado alipanda. Tangu baba afariki, shamba lile ndilo lililomwamsha asubuhi, na mimi nililijua hilo vizuri.

Tukaenda. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulifurahia kusikilizwa. Niliwaonyesha makorongo nikayaita vivutio. Nikawaonyesha mjusi aliyejificha jua chini ya jiwe, na mnyaa usio na majani, nikawaeleza jinsi viumbe wa jangwani wanavyobania maji. Nikapiga udongo kwa kisigino, ukalia ko! Wakacheka. Nikawaandikisha: hapa hapaoti kitu tena.

Mama akatokea kwenye korongo, amekumbatia jiwe. Alikuwa akipanga mawe yazuie udongo, na mimi sikujua kama yupo.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwalimu amewaleta kuona nini?"

"Jangwa!" wakajibu wote kwa pamoja, kama nilivyowafundisha kujibu.

"Hili?"

"Ndiyo bibi. Hapaoti kitu tena."

Akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusema neno, lakini watoto arobaini walikuwa na kalamu mkononi, na mwalimu hajikanushi mbele ya darasa. Mama akaliweka jiwe chini polepole, akapangusa viganja kwenye kanga, akaondoka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, majirani wote waliingia mashambani. Nikamkuta mama amekaa mlangoni, miguu mikavu, haina hata tope.

"Mama, hupandi?"

"Mwalimu ameshasema."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Yeye hakusoma hata darasa moja. Aliuza mbuzi wake ili mimi nisome, na tangu hapo linalotoka shuleni kwake ni la kweli, hana ubishi nalo. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia jangwa ni mahali pasipo mvua, na sisi mvua si hii inanyesha? Nikamwambia nitampandia mwenyewe, leo hii, mistari yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mgeni.

"Na watoto," akauliza, "umewaambia kwamba ulikosea?"

Sikuwa nimewaambia. Na kila nikisimama mbele yao sioni cha kuwaambia, maana kuhusu udongo ule sikukosea.