Mkono Ulioshikwa Msibani

Mafunzo yakikaribia kwisha huwa nawatoa wanafunzi wangu darasani Kahama na kuwapeleka kwa watu. Ni washauri nasaha watarajiwa: wanakwaya, walimu wa madrasa, wauguzi wastaafu, wale ambao jirani akifikwa na jambo huwagongea mlango kabla ya kwenda polisi. Mwaka ule tulipangiwa Nyarugusu, kwenye machimbo. Hatujafungua hata mabegi, duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, likaporomoka na kumfukia mchimbaji kijana aliyeacha mke na mtoto anayenyonya.

Mwenyekiti wa kitongoji akatuomba twende msibani. Nikachukua wawili. Mmoja alikuwa katekista kutoka Masumbwe, mwanamume mpole, mwepesi wa machozi. Mwingine alikuwa fundi cherehani wa Kahama, mama wa Kiislamu. Baba yake mfanyabiashara Mmanyema, mama yake Msukuma. Tukiwa njiani mwenyekiti akatueleza kwamba marehemu alisilimu alipooa, na kwamba ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Shinyanga kuuchukua mwili wakauzike kwao kimila, kando ya zizi, alipolala baba yake.

"Hapo pana moto," fundi cherehani akasema.

Tulikuta wanaume chini ya turubai na wanawake ndani. Maiti ilikwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, amejifunika khanga, mtoto akiwa mapajani. Katekista akaomba kuingia kutoa pole na hakuna aliyemzuia. Akachuchumaa mbele ya yule binti, akamshika mikono yote miwili, akaifumbata.

"Pole, dada yangu. Lia tu. Usijizuie."

Yule binti akakakamaa. Alijaribu kuvuta mikono, katekista akadhani ni kilio, akaikaza zaidi. Kabla sijafungua kinywa, kaka wa mjane akaingia kutoka mlangoni.

"Unamshika mfiwa aliye kwenye eda? Mumewe hata hajazikwa!"

Akamwinua kwa ukosi na kumburuta hadi nje. Ngumi ya kwanza ilimpata tayani. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Katekista akaanguka kwenye masufuria. Wakamwongeza mateke, wawili, kisha watatu. Damu ilimtoka mdomoni ikalowesha rozari iliyoning'inia shingoni.

Hapo ndipo gari la ndugu wa marehemu lilipofika, likiwa limejaa watu mpaka nyuma. Hawakujua habari ya mkono wala ya eda. Walichokiona ni mwenye rozari amelala chini anapigwa na wenye kofia, wakamdhani mtu wa kwao. Wakaruka chini na marungu. Kijana mmoja wa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, alipigwa rungu la kisogo, akatembea hatua chache kama mlevi, akakaa chini, akatapika. Mwingine alinyakua koleo la kuchimbia kaburi, akalizungusha, likachana mkono wa mtu mpaka weupe wa mfupa ukaonekana. Turubai likaanguka. Wanawake walikuwa wanapiga mayowe, mimi nikimvuta katekista kwa shati kumpeleka nyuma ya gari.

Kwenye bodi ya gari alikuwa amebaki mama wa marehemu. Hakuna aliyekumbuka kumteremsha. Fundi cherehani ndiye aliyemfuata. Akapiga goti kwenye vumbi, akamsalimia kama binti anavyomsalimia mama.

"Mwadila, mayo."

Yule mama akamtazama, baibui na yote, akaitikia kwa Kisukuma. Kisha akasema, "Wanamficha mwanangu. Wamemfunga vitambaa ili nisimwone."

"Ngoja nikuulizie, mayo. Nitakuletea jibu lilivyo."

Akaingia kwa mjane kwa mlango wa uani, akarudi uso umebadilika. "Hawamfichi. Jiwe lilimpiga usoni. Mkweo, mke wa mwanao, ndiye aliyewaomba wamfunike mapema. Alisema mama asije akamwona hivi."

Mama akateremsha miguu kwenye bodi. Marungu yalikuwa bado yanalia.

"Hata siku niliyomzaa uso wake ulikuwa umevimba," akasema. "Nipeleke."

Wakaenda wamekumbatiana, wakapita katikati ya mapigano. Rungu moja lilishuka kwenye bega la fundi cherehani. Aliyumba, lakini mkono wa yule mama hakuuachia. Aliyepiga, kaka mkubwa wa marehemu, alipomtambua mama yake mzazi mbele yake, rungu likamtoka. Mmoja baada ya mwingine wakasimama, wakihema.

Shehe aliyekuja kumswalia marehemu aliulizwa, akasema mama ana haki ya kumuaga mwanawe. Wakafungua sanda usoni. Kilichotokea mle ndani sikukiona. Alipotoka hakuwa analia. Alimwendea mwanawe mkubwa, akaliokota lile rungu, akampiga nalo mgongoni, akampiga tena.

"Nani alimtoa kwenye ng'ombe akamleta kwenye mashimo? Si wewe? Leo unanipigania maiti!"

Mwanawe hakujikinga. Alipiga magoti akaupokea kila mpigo, mpaka mimi na mwenyekiti tukamshika mama mikono.

"Azikwe hapa," akasema. "Mimi nimemwona."

Katekista hakuwepo makaburini. Alikuwa njiani kwenda hospitali, taya limevunjika. Aliporudi darasani baadaye alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo, na hasira ilikuwa bado mbichi.

"Nilimshika kama ningemshika dada yangu wa tumbo moja."

"Najua," fundi cherehani akamjibu. "Ila yeye hakukushika. Wewe ulisikia mikono yake inavuta, au hukusikia?"

"Nilisikia," katekista akasema. "Nilidhani najua maana yake."

Siku zile nilitupa nusu ya masomo yangu. Sasa naanza na hilo swali la fundi cherehani, na wanafunzi hulichukia kwa sababu halina jibu la kukariri.

Parokiani walimwambia katekista asamehe. Akasema amesamehe, na kesi akaifuata vilevile mpaka yule kaka wa mjane akafungwa. Mjane akabaki bila mtu wa kumlisha. Eda ilipokwisha, aliyekuja kumchukua alikuwa mama mkwe wake. Yuko Shinyanga hadi leo, kwenye kaya ya watu wasioswali, na anaswali. Shemeji yake mkubwa ndiye aliyemzungushia ua wa mabua mahali pa kutilia udhu. Fundi cherehani aliniambia shemeji huyo mgongo haujamnyooka tangu siku ile, na mama yake hamsemeshi ila kwa jambo la ng'ombe.