Usingizi wa Alasiri

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Temeke, ungeweza kuvunja chungu ukasamehewa, lakini si kulala alasiri. Ilikuwa sheria ya bibi, mama yake baba, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Saa hiyo, alisema, majini wanatoka kutafuta pa kukaa. Wakimkuta mtu kalala wanamwingia, na akiamka akili si yake tena. Upuuzi mtupu! Leo nasema hivyo. Wakati ule nilikuwa naogopa hata kupiga miayo.

Aliyeumia kwa sheria ile ni mama. Miaka hiyo ya Ujamaa mtaa wetu ulikuwa na shamba la pamoja nje ya mji, watu wanapelekwa na lori. Siku moja mama akateleza akishuka, akaangukia kiuno. Akakandwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta ya nazi, akapewa vidonge vya zahanati. Wapi! Mchana alijikaza, kazi zikaenda. Usiku ndio ulikuwa mateso: akilala chali kiuno kinawaka, akilala ubavu kinawaka. Nikishtuka usingizini namsikia yuko ukumbini, anatembea kwa kushika ukuta, huku baba anakoroma.

Kilichobaki kwake ni kale kasaa ka alasiri. Akishapika, akaosha vyombo, akaswali, mwili unakuwa umechoka mpaka maumivu yenyewe yanalegea. Anatandika mkeka kwenye sakafu ya saruji, anakunja magoti, usingizi unamchukua. Basi hapo ndipo bibi anapotoka uani na kata ya maji, anammwagia usoni.

"We mama Zuhura! Amka! Unataka kutuletea balaa?"

"Nisamehe mama, usiku sikulala."

"Nani kakukataza? Usiku ndio wa kulala!"

Jamani! Kama vile alikuwa anakesha kwa raha zake. Na balozi wetu wa nyumba kumi, akimwona kajinyoosha, anachungulia dirishani: "Uhuru na kazi, mama Zuhura! Hatutaki kupe mtaani." Kupe! Mwanamke aliyevunjika kiuno kwenye shamba lao. Nikimkumbuka yule mzee na kofia yake, mpaka leo natamani kumzaba kibao.

Ikaenda hivyo, usiku halali, mchana haachwi alale. Mama akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akawa anasimama uani anazungumza na mtu ambaye sie hatumwoni. Siku moja nimerudi kutoka chuoni kusoma Kurani akanitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Wewe mtoto wa nani?" Nikaangua kilio. Bibi akapiga makofi: "Si nilisema? Si nilisema mie?" Alikuwa amefurahi, nakwambia kweli. Lile alilolitabiri lilikuwa limetokea, na hakuna mtu mmoja katika nyumba ile aliyejiuliza nani kalisababisha.

Akamwambia baba, "Mrudishe kwao. Mke mwenye jini hatumwezi." Baba akatii. Tukabebeshwa kifurushi cha nguo, mama na mie, tukaenda Kawe kwa mama mkubwa, dada yake mama. Nilijua kabisa kwamba talaka inafuata na kwamba mie nitanyang'anywa nirudishwe kwa bibi.

Mama mkubwa hakuuliza mengi. Ilipofika alasiri mama akaanza kusinzia kwenye kigoda, nami nikaruka kumwamsha kabla majini hawajafika. Mama mkubwa akanishika bega.

"Kuna nini?"

"Atapata wazimu!"

"Mwanangu, mamako anataka kulala tu."

Akamlaza, akamwekea mto chini ya magoti, akafunga mlango. Mama akalala mpaka magharibi. Kesho yake tena, na keshokutwa. Kiuno hakikupona, hakikupona kamwe, lakini chumvi ilirudi kwenye mchuzi, na asubuhi moja akaniita, "Zuhura, njoo nikusuke." Hata mama mkubwa alifuta machozi.

Baba alikuja kutufuata, kichwa chini. Mama akasema atarudi, ila alasiri asiguswe na mtu. Hakuguswa. Bibi naye akautangazia mtaa mzima kwamba jini limetolewa na kombe lake la aya za Kurani!

Miaka ikapita, magoti ya bibi yakavimba, ikawa zamu yake kukesha. Alasiri moja nikamkuta kalala fofofo, tena kwenye mkeka uleule wa mama. Nilikuwa mwari tayari, najua ninachofanya. Nikaenda mtungini, nikajaza kata mpaka juu. Nimeshainua mkono, mama akanidaka.

"Muache. Usiku hakulala."

Akakunja khanga yake, akaipenyeza taratibu chini ya magoti ya bibi, akarudi jikoni akishika kiuno. Bibi alipoamka akauliza nani kamwekea khanga. Mama akajibu, "Zuhura." Bibi akaniombea dua ndefu, na mie nimesimama pale na hasira zangu.

Bibi alikufa bila kumwomba mama radhi. Mama alimsamehe bila kuombwa. Mie sasa nina kiuno kibovu kama cha mama, nalala alasiri mlango wazi, na dua ile bado sijaiitikia amina.