Namba Sita

Mpango wa safari yetu ya kwanza ya mapumziko niliupiga taipu mwenyewe, nakala mbili, kwa karatasi ya kaboni. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Mbeya. Nilikuwa na miezi mitano tu ya ndoa, na niliamini hakuna jambo lisilopangika kwa mistari yenye namba. Kwanza, Jumamosi alfajiri, kuondoka kwa baiskeli. Kupanda milima ya Uporoto, kwa kusukuma ikibidi. Isongole, chai. Halafu mteremko, raha mustarehe, hadi Tukuyu, mji mdogo wa vilima ambako hata katekista alikwenda kwa baiskeli. Kulala nyumba ya wageni, na Jumapili kurudi kwa basi, baiskeli zikiwa zimefungwa juu.

Lakini moyo wa mpango ulikuwa namba sita: "Njiani, kumsalimia Baba."

Baba huyo ni baba mkwe wangu. Mume wangu ni Mnyakyusa, mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa. Ndoa ilifungwa kwetu na mzee hakuja. Alituma blanketi zito na salamu. Mama mkwe alikuja Mbeya mara mbili, na mara zote mbili alinibeba kama yai. Mzee, hata kivuli chake sikukiona. Nikajiambia hanitaki. Alitegemea binti wa kwao, kaletewa Mhehe anayepanda baiskeli kama mwanamume. Jambo hilo lilinikaa rohoni kuliko nilivyotaka mume wangu ajue. Nikaamua nitakwenda mwenyewe, nipige magoti mbele yake, anione.

Mume wangu alipousoma mpango na kufika namba sita akakuna kichwa.

"Hii tutaona," akasema.

"Tutaona nini?"

"Tutaona huko huko."

Alikuwa mwalimu. Aliweza kueleza kupatwa kwa jua kwa saa nzima, lakini jambo la nyumbani kwao kulitoa mdomoni ilikuwa kazi. Baadaye aliniapia alidhani nimekwishaambiwa, maana kwao mambo hayo mwanamke hufundwa na wanawake wenzake. Sasa Mlandege nani angenifunda? Jirani yetu pale Mbeya alinifundisha salamu ya Kinyakyusa bila kuniuliza naenda kumsalimia nani. Alichokagua mume wangu ni baiskeli tu, na hata hapo alipoona raba za breki yangu zimelika alisema zitatufikisha.

Uporoto baiskeli tulizisukuma kuliko tulivyozipanda. Isongole ukungu ulikuwa mzito, chai ikawa tamu kuliko chai yoyote niliyokunywa mwaka ule, na mume wangu akanifuta matope shavuni mbele ya wauza viazi bila aibu. Nilimpenda sana siku ile. Kisha tukauanza mteremko, breki zangu zikilia kila kona hadi kuku wakatawanyika.

Tulipokaribia kwao, nikaona mzee mrefu mwenye koti anapanda kilima akisukuma baiskeli. Mume wangu alishtuka.

"Shuka! Geuka kule, funika uso!"

Nikajua ndiye. Kufunika uso kwa nini, kwani mimi mwizi? Nikaburuza miguu hadi nikasimama, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikapaza sauti kwa ile salamu ya jirani: "Ugonile, tata!"

Mzee hakujibu. Aligeuza baiskeli, akaingia nayo migombani haraka, koti likikwaruzwa na majani makavu, wala hakutazama nyuma.

Nililia. Siyo machozi ya kistaarabu. Nililia nikiwa nimekaa barabarani, nikaitupa baiskeli mtaroni na kumwambia mume wangu arudi kwa baba yake, mimi narudi Iringa. Naye, maskini, alisimama na pampu mkononi kana kwamba mimi ni tairi.

Mama mkwe alisikia kelele akaja. Alinishika mkono, akanipitisha nyuma hadi jikoni kwake, akanipa ndizi za kupika na maharage. Nilipomweleza, alimtazama mwanawe mlangoni kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

"Hukumwambia?"

"Nilidhani..."

"Toka hapa!" Akanigeukia mimi. "Mwanangu, huku kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Mkwe hamtazami, hamwiti, hawakutani njiani. Ndiyo heshima yenyewe. Yule mzee husalimiana na kila mpita njia, hata wendawazimu. Ungekuwa si kitu kwetu, angesimama akupe mkono."

Nikala ndizi. Nje nilisikia chuma kikigongwa, muda mrefu, nikadhani ni mume wangu anajitafutia kazi ya kujisahaulisha aibu.

Tulipotoka, mume wangu alikuwa amekaa kizingitini, mikono misafi. Baiskeli yangu iliegemezwa ukutani. Ilikuwa imefutwa matope, na kwenye breki palikuwa na raba mpya zilizokatwa kwa kisu kutoka tairi kuukuu, zimepunguzwa kingo vizuri. Kwenye karia kulikuwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Uani hapakuwa na mtu.

Nikaaga. Mteremko wa kwanza nilizijaribu breki. Hazikulia hata kidogo. Hapo nikakumbuka kwamba kumwita nimekatazwa, lakini kengele hakuna aliyeitaja. Nikaipiga mara mbili.

Mume wangu akafungua mdomo, nikamwashiria anyamaze. Kisha kutoka migombani juu yetu ikajibu kengele nyingine, mara mbili, taratibu.

Tukuyu, kabla hata sijavua viatu, nilitoa ule mpango mfukoni nikaweka tiki kwenye namba sita.