Rupia ya Mjerumani Imesuguliwa Kama Sufuria

Neema, nani alikutuma?

Jamani, mjukuu wangu huyu ameniua leo.

Nina rupia ya fedha ya Mjerumani, marehemu mume wangu aliachiwa na babu yake. Ilikuwa nyeusi tii. Leo nilimtegemea mnunuzi wa sarafu za kale aje hapa Kiseke, na bei tuliyopatana ingebadilisha mabati yote ya jikoni.

Neema akaona aibu mgeni aonyeshwe kitu kichafu. Akachukua majivu na stilwaya, akaisugua mpaka ikang'aa!

Mgeni akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Bibi, nani kaisafisha?"

Neema huyo, anachekelea: "Mimi!"

"Dada, ule weusi wa miaka ndio niliokuwa naulipia. Sasa hii mpelekeeni sonara aiyeyushe."

Chai yangu lakini akainywa. Na maandazi akala.

Hivi mimi ningejuaje kuna watu wanalipia uchafu? Nyie mliosoma mlikuwa wapi? Nijibuni!

Neema, acha kulia. Wingu limeshatanda ziwani. Chukua hizo sufuria unazopenda kusugua, zipange jikoni chini ya kila tundu la bati. Sasa hivi!