Breki na Difu ya Pleti

Fundi huyu aliitwa Breki kwa sababu kazi yake ilikuwa breki za malori, na watani wakaongeza kwamba hata akiongea hukanyaga breki katikati ya maneno. Alikuwa mtu wa haki. Lori lililoletwa na breki mbovu halikutoka gereji kwake mpaka zishike, hata mwenye nalo apige kelele mpaka mishipa ya shingo imsimame. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza halikutokana na uzembe. Lilitokana na hamu.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, kulikuwa na gari dogo la milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ujanani yeye na kaka yake walishindana nalo kwenye barabara ya mlimani, ile inayopanda hadi machimbo ya mawe. Kaka aliendesha, Breki alikaa kando akimtajia kona. Kisha kaka akapata kazi ng'ambo, akaoa huko, akazeekea huko. Gari likabaki. Kila siku ya mapumziko Breki aliliwasha, akasikiliza injini, akalizima. Mkewe, mshona nguo, humwuliza kutoka dirishani, "Umeshamsalimia mke mwenzangu?"

Sasa kaka alikuwa anakuja. Amestaafu, alisema kwenye simu; anakuja kupumzika kidogo. Breki alilishika neno la kustaafu, lile la kidogo akaliacha lipite. Moyoni alishaamua: kaka akishika usukani ule tena, akaupanda mlima ule, hatarudi alikotoka.

"Mtu mzima hafungwi kwa gari," mkewe alimwambia.

"Wewe humjui kaka."

"Shemeji yangu namjua sana. Anapenda ubishi na usingizi. Gari unalipenda wewe."

Gari lilikuwa na upungufu mmoja. Difu yake, yale magia yaliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, ilikufa zamani, na badala yake ikafungwa difu ya kawaida. Difu ya kawaida ina tabia ya mtu mvivu: nguvu huipeleka kwenye wepesi. Kwenye kona kali, gurudumu la ndani likipungukiwa uzito, hilo ndilo huzunguka bure, na gari likabaki linafuka moshi wa tairi. Ile ya zamani ilikuwa difu ya kubana. Ndani ilikuwa na pleti zinazokabana ili magurudumu yote mawili yavute. Ukikata kona kali, ilinung'unika. Breki aliitamani sauti ile kama mtu anavyotamani sauti ya mzazi wake.

Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, aliyekuwa na difu zimepangwa uwanjani kama vyungu. Mafundi wana kipimo chao: unazungusha kwa mkono flenji ya upande mmoja, pale panapofungwa shafti ya gurudumu, huku ukiangalia ya upande wa pili. Ikizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ikifuata upande uleule, inabana. Breki alipima moja, flenji zikapishana; akaisukuma kando kwa mguu. Akapima nyingine, zikafuatana.

"Hiyo inabana kuliko mama mkwe," alisema muuza vyuma.

"Ni ya pleti?"

"Pleti tupu, mzee wangu! Mimi nikudanganye wewe, unayeshika breki za lori langu?"

Alimdanganya, na dhambi hiyo ni yake. Lakini kuna kipimo cha pili, na Breki alikijua vizuri. Unaikaza difu pale inapoingia shafti ya injini ili isizunguke, unatia spana ndefu kwenye flenji moja, unasukuma kwa nguvu. Ya pleti hukubali kwa shida. Isiyokubali kabisa imechomelewa gia zake ndani, imekuwa kipande kimoja cha chuma. Kwa gari la mteja asingeiruka hatua hiyo. Siku ile aliiruka. Mwenye hamu ni hakimu mbaya, hasa akiwa yeye ndiye shahidi.

Alipoifunga na kulitoa gari uani, matairi yalilia kwenye kona ya lango na gari likarukaruka. "Unasikia?" alimwita mkewe, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo yenyewe!"

Kaka alifika, mwembamba kuliko picha zake. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye usukani, Breki kando yake. Hawakufika mlimani. Kwenye kona kali ya kwanza, karibu na tangi la maji, gari liligoma kukata, likang'ang'ania kwenda mbele kama mbuzi anayevutwa kamba. Kaka akaegesha pembeni.

"Nani kaichomelea hii?"

"Ni ya pleti, kaka. Ndivyo ilivyokuwa inalia."

"Ile ilikuwa inalalamika halafu inakubali, mdogo wangu. Hii haikubali. Uliipima kwa spana?"

Breki akageuka kutazama tangi la maji.

"Wewe? Wewe uliyenirudisha gereji siku ya mashindano kwa sababu ya nati moja?" Kaka akaangua kicheko. "Ama kweli mganga hajigangi!"

Wakarudi kwa muuza vyuma. Alipowaona wawili, alianza kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

"Utatubadilishia," kaka alimwambia.

"Hata sasa hivi, wazee wangu. Na mimi niliuziwa hivyohivyo."

Kaka alizunguka uwanjani, akainamia ile iliyosukumwa kwa mguu.

"Hiyo nimeipima," Breki alisema. "Flenji zinapishana. Ya kawaida."

"Kuna za kubana kwa gia, hazina pleti. Ikiwa hapa chini haina mzigo, zitapishana tu. Mpaka ibebe gari ndipo ibane. Tazama." Alifungua nati ya kujazia oili, akamulika kwa simu. Badala ya gia ndogo za kawaida zilizo wazi, ndani palionekana kasha zito lenye gia zilizolala ndani yake, meno yamekatwa mshazari. Breki aliinama, akaona, akaguna.

Muuza vyuma, akitaka kujisafisha, alitoa nyingine kutoka stoo. Safari hii Breki alitia spana mwenyewe. Ikakubali kwa shida. Pleti, za kweli.

"Hii," alisema.

"Kwako ya gia ni bora," kaka alisema. "Kimya, haina pleti za kuchakaa. Kasoro yake, gurudumu moja likining'inia hewani inapoteza nguvu. Sasa wewe utalining'iniza wapi? Sokoni?"

"Mlimani."

"Ya pleti kila baada ya muda ishushwe, ifunguliwe, pleti zibadilishwe. Kwa mgongo wako huo? Nani atakushikia?"

"Si upo?"

Kaka alijifuta grisi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wajukuu wangu wako kule, mdogo wangu. Nilikwambia nakuja kidogo."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia, kaka."

Wako watakaomlaumu kaka, mimi simlaumu. Aliyejenga mahali ana wajibu wa nyumba yake, na anayempenda hana ruhusa ya kumtegea mtego, hata uwe mtego wa mapenzi. Breki mwenyewe alinieleza kwamba pale uwanjani lilimpitia wazo la kuichukua ya pleti hivyohivyo, ili kila ikichakaa apate sababu ya kumwita kaka arudi. Aliishika muda mrefu. Kisha akairudisha stoo kwa mikono yake.

"Twende na ya gia."

"Una hakika?"

"Shika upande huo. Nzito hii."

Wakainyanyua pamoja, kila mmoja na upande wake, wakaibeba polepole hadi kwenye gari, na hapakuwa na aliyetaka kufika haraka.